Trafiki ya Kudandia

Katikati ya miaka ya 1990, sehemu kubwa ya intaneti ya dunia ilikuwa ikipita ndani ya jengo la kuegesha magari. Jengo lilikuwa Tysons Corner, jimbo la Virginia, nje kidogo ya Washington. Pembe ya ghorofa moja ilijengewa ukuta, ikawekewa viyoyozi, ikajazwa ruta na nyaya, na magari yakaendelea kuegeshwa upande wa pili wa ukuta huohuo. Kituo hicho kiliitwa MAE-East. Kilianza mwaka 1992 kama jaribio la kampuni chache zilizochoka kuzungusha mawasiliano yao mbali ilhali ni majirani. Serikali ya Marekani ilipoufunga mtandao wake wa NSFNET, tarehe 30 Aprili 1995, MAE-East kikawa miongoni mwa vituo 4 rasmi vilivyorithi kazi ya kuunganisha mitandao ya nchi nzima.

Wazo la kituo cha aina hiyo ni jepesi. Kila kampuni inaleta ruta yake na kuichomeka kwenye swichi ya pamoja, kisha ruta zinaambiana, kwa itifaki ya BGP, anwani zipi zinapatikana kwa nani. Itifaki hiyo wahandisi Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliichora kwenye karatasi za kufutia mikono mezani, mjini Austin, Texas, Januari 1989, na mpaka leo ndiyo inayoiongoza intaneti. Makubaliano ya kibiashara nayo ni mafupi: wewe nitangazie wateja wako, mimi nikutangazie wangu, trafiki yao tupeane bila kudaiana. Anayetaka kufikishwa kwingineko duniani, kwa watu wasio wateja wa yeyote kati yetu, akanunue transiti kwa kampuni kubwa. Na transiti hulipiwa kila mwezi.

Tatizo ni kwamba tangazo si kufuli.

Chukua kampuni mbili zilizochomekwa kwenye swichi moja. Ya kwanza ni kubwa, ina nyaya zake zinazovuka bara na bahari. Ya pili ni changa, ina wateja mia kadhaa na bili ya transiti inayowakosesha wenyewe usingizi. Kubwa imeitangazia changa wateja wake tu, hakuna zaidi. Lakini changa inaijua anwani ya ruta ya kubwa, maana zinaonana kwenye swichi, na fundi wake akiwa hana haya anaandika mstari mmoja tu: amri ya njia tuli, sufuri nane zenye nukta katikati, kisha anwani ya jirani. Ruta yake inaelewa hivi: pakiti yoyote usiyojua pa kuipeleka, mpe yule. Tangu sekunde hiyo barua pepe za kwenda Tokyo na kurasa za kwenda Paris zinadandia nyaya za kampuni kubwa. Ruta ya kubwa haiulizi pakiti imeletwa na nani. Inatazama inakokwenda, inaona njia ya kufika huko inayo, inaipeleka. Bili inamfuata mwenye nyaya.

Mwizi hakupata safari nzima, ni kweli. Majibu kutoka Tokyo yalirudi kwa njia halali, kupitia transiti aliyoilipia mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyetangaza kwamba wateja wake wanapatikana kwa jirani. Alichokwepa ni gharama ya kutoa, si ya kupokea. Kwa hiyo walionufaika zaidi ni wenye seva za tovuti, ambao trafiki yao karibu yote ni ya kutoka.

MAE-East kilikuwa uwanja wa wazi kwa mchezo huu kwa sababu ya namna kilivyojengwa: waya mmoja wa pamoja, kila ruta ikiifikia kila ruta, wawe wamekubaliana au hawajakubaliana. Vituo vya Chicago na San Francisco, viwili kati ya vile 4, vilichagua teknolojia ya ATM, ambako kila jozi ya kampuni ilifungiwa mkondo wake pepe. Usiyekubaliana naye hakuwa na pa kupitisha pakiti za kukutumia. Ulikuwa ulinzi mzuri, lakini wenye usumbufu, na ATM yenyewe haikudumu. Swichi za Ethernet zilikuwa rahisi na zenye kasi zaidi, zikashinda, na ule uwazi ukarudi nazo.

Ikabidi ulinzi uhamie kwenye ruta ya kila mmoja. Dawa iliyopatikana inafurahisha: ruta ya kituoni ifanywe mjinga kwa makusudi. Isijue dunia nzima. Ijue njia za wateja wa nyumbani tu, isiwekewe njia ya jumla ya kwenda kokote, na pakiti yoyote inayoulizia pengine itupwe palepale. Mdandiaji anaweza kutuma atakavyo, pakiti zake zinaishia shimoni, wateja wake wanapiga simu kulalamika, na usiku huohuo anaufuta ule mstari wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ruta za Cisco zikapata na uwezo wa kuhesabu trafiki kwa kila anwani ya kifaa kwenye swichi, hivyo mwenye kutilia shaka akaweza kuona, kwa tarakimu, ni jirani gani hasa anayemletea mizigo isiyo yake. Kabla ya hapo mtu aliona tu kiungo chake kimejaa, na kwenye waya wa pamoja hakujua amlaumu nani.

Vituo vyenyewe viliandika kanuni. LINX cha London, kilichoanzishwa mwaka 1994 ndani ya jengo la Telehouse, eneo la Docklands, kinawataka wanachama wapeleke trafiki kwa mwenzao pale tu alipotoa ruhusa, ama kwa kutangaza njia kituoni ama kwa maandishi. Kanuni za aina hiyo zimeenea kwenye vituo vingi duniani. Ni sentensi moja, na ukiitazama vizuri ndiyo roho ya kituo kizima: bila hiyo, hakuna kampuni yenye nyaya zake ingethubutu kuchomeka ruta pembeni ya wasio nazo.

Nairobi, kanuni hiyohiyo ilijikuta ikibishaniwa mbele ya mdhibiti.

Mwaka 2000 Kenya ilikuwa na kampuni kadhaa za intaneti na lango moja tu la halali la kwenda nje: Telkom Kenya, kupitia mtandao wake wa JamboNet. Mtu wa Westlands akimwandikia mwenzake wa Mombasa Road aliye kwa kampuni nyingine, barua pepe ilipanda setilaiti, ikashukia Marekani au Ulaya, ikabadilishwa huko, ikapanda tena, ikarudi Nairobi. Setilaiti hizo hukaa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwa makadirio ya wakati huo, karibu asilimia 30 ya trafiki iliyopandishwa angani ilikuwa inakwenda kwa Mkenya mwingine. Kila biti ililipiwa kwa dola, kwenda na kurudi.

Kampuni hizo, chini ya chama chao cha TESPOK, zikajenga kituo chao, KIXP. Muundo waliuiga kutoka kituo cha Hong Kong: swichi za pamoja, na pembeni yake ruta zilizokusanya njia za kila mwanachama na kuwagawia wengine. Ruta hizo zilibeba habari za njia tu. Pakiti zenyewe zilikwenda moja kwa moja, kutoka mwanachama hadi mwanachama. Kilifunguliwa mwishoni mwa Novemba 2000. Muda wa safari ya pakiti kati ya kampuni na kampuni, uliokuwa milisekunde 1,200 hadi 2,000 kwa setilaiti, ukashuka hadi kati ya 60 na 80. Gharama ya kiungo cha kilobiti 64 kwa sekunde ikashuka kutoka dola 3,375 kwa mwezi hadi dola 200.

Wiki 2 baadaye kikafungwa. Telkom ililalamika kwa Tume ya Mawasiliano ya Kenya, CCK, kwamba kituo kinaingilia haki yake ya pekee ya kubeba trafiki ya kimataifa, na tume ikakubali kwamba kinaendeshwa bila leseni.

Lalamiko hilo mara nyingi husimuliwa kama ubabe wa shirika lenye ukiritimba, na ubabe ulikuwepo, hakuna wa kubisha. Hata hivyo lilikuwa na punje ya hoja ambayo mafundi hawakupaswa kuidharau. Swichi isiyo na waya wa kwenda nje haiwezi kubeba chochote nje. Hilo liko wazi. Lakini mmoja wa waliochomekwa pale, mwenye uwezo wa ziada kwenye kiungo chake cha setilaiti, angeweza kuwauzia majirani njia ya kwenda nje kupitia swichi hiyohiyo, kimyakimya, au majirani wangeweza kujichukulia wenyewe kwa zile sufuri nane. Siku hiyo kituo cha ndani kingekuwa lango la pili la kimataifa, na Telkom ingekuwa imesema kweli.

TESPOK ilijibu kwamba KIXP ni kundi la watumiaji waliojifungia, jambo ambalo sheria ya mawasiliano iliruhusu, na kwamba kinachobadilishwa pale ni trafiki ya ndani tu. Jibu hilo la kisheria, kiufundi lilikuwa ahadi: hapa hakuna transiti. Ukweli wake haukutegemea wakili. Ulitegemea namna ruta za wanachama zilivyopangwa, kila moja ikitoa njia za wateja wake na kukataa kingine chochote. Ni nadra katika historia ya intaneti kuona kichujio cha ruta kikibeba mzigo mzito kiasi hicho.

Shauri lilikwenda kwenye baraza la rufaa za mawasiliano. Likaburutwa mwaka mzima, huku hoja za gharama zikijengwa na wataalamu wa nje wakija kueleza kwamba nchi nyingine zina vituo kama hivyo na mashirika yao ya simu hayajafa. Novemba 2001 CCK ikatoa leseni. Tarehe 14 Februari 2002 KIXP kikawashwa upya, na baadaye hata mtandao wa Telkom yenyewe ukajiunga na swichi uliyoipiga vita. Miaka 10 baada ya kufunguliwa upya, ripoti ya Internet Society ilikuta kituo kinabeba zaidi ya gigabiti 1 kwa sekunde saa za msongamano, muda wa safari ya pakiti ukiwa milisekunde 2 hadi 10 badala ya zile 200 hadi 600 za kuzibadilishana nje ya nchi, na kampuni zikiokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Kampala, Dar es Salaam na Kigali nazo zilipata vituo vyao katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne.

Katika enzi ya setilaiti udandiaji ungemuumiza mtu wa Afrika Mashariki kuliko Mmarekani yeyote. Kampuni ya Virginia iliyodandiwa ilipoteza sehemu ya uwezo wa nyaya nene. Kampuni ya Nairobi au Dar ilikuwa na kiungo chembamba kilicholipiwa maelfu ya dola, na jirani mmoja asiye na haya angekijaza kabla ya saa nne asubuhi. Nyaya za baharini zilipotua, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, bei zikaanguka na kishawishi cha kuiba nacho kikapungua. Leo anayemwekea jirani njia ya jumla ni mjinga zaidi kuliko mwizi.

Ila transiti isiyotakiwa ina sura ya pili, na hiyo haikuondoka na bei. Hapa mtu hamdandii jirani. Anawakaribisha walimwengu wapitie kwake bila kujua amefanya hivyo.

Kosa lenyewe ni dogo hadi linachekesha. Kampuni inasikia njia za jirani yake kituoni, inazihifadhi, kisha inazitangaza kwa kampuni nyingine isiyohusika, kana kwamba inasema: wa kule mnampata kupitia kwangu. Kwa miaka mingi ruta nyingi zilifanya hivyo zenyewe, kwa sababu bila maelekezo zilitangaza kila zinachokijua kwa kila jirani. Fundi alipaswa kuandika kichujio cha kuzinyamazisha, na akisahau, au akikosea herufi, njia zinavuja.

Dunia ilionja adha ya namna hii tarehe 25 Aprili 1997. Ruta ya kampuni ndogo ya Marekani, yenye namba ya mtandao 7007, ilipokea orodha ndefu ya njia, ikazikatakata vipande vidogo, ikazitangaza upya kama zake. Ruta nyingine duniani hupendelea tangazo mahususi kuliko la jumla, hivyo zikaanza kuielekezea trafiki ambayo isingeweza kuibeba hata kidogo. Mafundi wakaikata ruta hiyo na mtandao, na matangazo yake yakaendelea kuzagaa kwa saa kadhaa, yakirudiwa na ruta za wengine, wakati yenyewe imekwisha kunyamaza.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu vituo vya pamoja ni cha Lagos. MainOne wakati huo ilikuwa kampuni ya Nigeria yenye waya wake wa baharini unaokwenda Ureno. Lagos kuna kituo cha IXPN, na hapo MainOne na Google walikuwa wakibadilishana trafiki moja kwa moja, jambo jema kwa kila Mnigeria anayetafuta kitu mtandaoni. Usiku wa tarehe 12 Novemba 2018, muda mfupi baada ya saa 4 kwa saa za Lagos, MainOne ilikuwa kwenye kazi ya kuboresha mtandao wake. Kichujio kimoja kikakosewa. Njia za Google zilizosikiwa Lagos zikatangazwa kwa China Telecom, China Telecom ikazipokea bila kuuliza na kuzipitisha mbele, na kampuni ya Urusi, TransTelecom, ikawa miongoni mwa zilizozichukua.

Kwa dakika 74, makundi 212 ya anwani za Google yalionekana yanapatikana kupitia Urusi, China na Nigeria. Trafiki ya wafanyabiashara waliokuwa wakifungua hati zao ilielekea China, na nyingi ikazimikia huko. Magazeti yakaanza kunong'ona kuhusu ujasusi. Kisha MainOne ikajitokeza na kusema wazi kwamba ni kosa la kichujio wakati wa kazi iliyopangwa, na kwamba limerekebishwa. Ukweli huo ni wa kuheshimiwa, maana kampuni nyingi hunyamaza.

Hata hivyo lawama isiishie Lagos. Kosa la MainOne lingekufa pale lilipozaliwa kama China Telecom ingejiuliza swali moja: kampuni ya Nigeria imeanza lini kuuza njia ya kwenda Google? Kichujio cha anayetangaza kilianguka. Kichujio cha anayepokea hakikuwepo. Wajenzi wa MAE-East walijifunza mapema kutomwamini anayetuma pakiti. Kutomwamini anayetangaza njia kumechukua zaidi ya miaka 20, na bado somo halijaingia kwa wote.

IETF, jumuiya ya wahandisi inayoandika itifaki za intaneti, ilikwenda polepole mno kwa maoni ya wengi. Juni 2016 ikatoa hati ya RFC 7908, iliyoainisha uvujaji huu katika aina 6. Yaani ilichukua miongo miwili kukubaliana tu kuhusu kinachozungumzwa. Julai 2017 ikaja RFC 8212, na hii ilikuwa mapinduzi ya kimya: ruta isiyopewa maelekezo isitangaze chochote na isipokee chochote kutoka mtandao wa mwingine. Kanuni ya zamani ilikuwa sema yote mpaka unyamazishwe. Mpya ni kaa kimya mpaka uambiwe useme nini.

Mei 2022 ikafuata RFC 9234, na hapa ule mkataba wa maneno wa miaka ya 1990 uliingizwa ndani ya itifaki yenyewe. Ruta mbili zinapounganishwa zinatajiana kwanza uhusiano wao: wewe ni muuzaji wa transiti, mimi mteja, au sisi ni wenza tu. Zisipokubaliana, hazizungumzi. Kisha njia inayopitishwa kwa mwenza au kwa mteja hugongwa muhuri wenye namba ya aliyeitoa, na kuanzia hapo inaruhusiwa kushuka kwa wateja pekee. Rudisha nyuma saa hadi usiku ule wa Lagos: njia za Google zingefika MainOne zikiwa na muhuri wa namba 15169, ya Google. MainOne ikizivujisha, China Telecom ingepokea kwa mwenza mwenye namba 37282 tangazo lenye muhuri wa mtu mwingine, na ruta yake ingelitupa bila kumwamsha binadamu yeyote.

Programu huria za ruta kama BIRD, FRRouting na OpenBGPD tayari zinautambua muhuri huo, na BIRD ndiyo inayogawa njia kwenye vituo vingi vya mabadilishano duniani. Kwa hiyo kazi iliyobaki si ya uvumbuzi. Wasimamizi wa KIXP, TIX cha Dar es Salaam, UIXP cha Kampala na vituo vingine vya ukanda huu wanaweza kuufanya muhuri huo kuwa sharti la kuunganishwa, sawa na namba ya mtandao na leseni, na ruta isiyoweza kuutumia ipewe muda wa kubadilishwa. Nairobi iliwahi kufungiwa kituo kwa kukosa leseni, na utetezi wake ukawa ahadi ya kutobeba transiti. Sasa ahadi hiyo inaweza kukaguliwa na mashine, na wanachama wanapaswa kuidai kwenye mkutano wao ujao.